Wasifu wa Pili: Jinsi ya Kuandaa Kumbukumbu ya Nyumbani kwa Ndugu Waliouawa kwa Chuki

Katika misiba yetu hapa Kilimanjaro, kabla jeneza halijashushwa kaburini, husimama mtu wa ukoo na kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani, na mwisho aliugua nini. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa nyuma kabisa, chini ya migomba, katika msiba wa rafiki yetu aliyepigwa na kundi la vijana katika mji mwingine kwa sababu walijua kwamba anapenda wanaume. Alifariki baada ya siku tatu, na katika wasifu wake ilisomwa kwamba alifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Sikumlaumu aliyesoma. Alikuwa kaka yake mkubwa, karatasi ikitetemeka mikononi mwake, na mama yao amekaa hatua mbili mbele yake. Lakini wasifu ule ulikuwa na pengo, na kumbukumbu ninayoieleza hapa ni kazi ya kuliziba pengo hilo: kuandika wasifu wa pili ulio kweli, kuusoma mbele ya watu wachache waliompenda marehemu, na kuutunza hadi siku utakapohitajika mbele ya mwenye mamlaka ya kutoa haki.

Maelezo haya yanawafaa watu sita hadi kumi na wawili wanaoaminiana, wakiwa Moshi, Arusha au mji wowote wa ukubwa huo, ambako kila mtu anamjua shangazi wa mwenzake. Kundi likizidi hapo, ni vigumu kulinda siri, na ni vigumu pia kulia kwa uhuru.

Sheria inasemaje

Nianze na sheria, kwa kuwa hofu yake ndiyo inayowafanya wengi waogope hata kuwasha mshumaa. Kifungu cha 154 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kinaadhibu kujamiiana kinyume cha maumbile kwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Ni adhabu nzito, na sioni faida ya kumficha msomaji uzito wake. Hata hivyo kifungu hicho kinahusu tendo. Hakikatazi kumlilia aliyekufa, na hakimpi jirani, mgambo wala mwenye nyumba ruhusa ya kupiga au kuua. Mauaji ya kukusudia ni kosa chini ya kifungu cha 196 cha sheria hiyo hiyo, na kifungu hicho hakiulizi marehemu alimpenda nani. Ibara ya 14 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua haki ya kila mtu ya kuishi na ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, na ibara ya 12 inasema kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Neno "kila" limo katika ibara zote mbili, nami huwaomba wenzangu walisome kwa sauti.

Hata hivyo, jambo kuwa halali ni kitu kimoja, na mtu kuwa salama ni kitu kingine. Mwishoni mwa Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alitangaza msako wa wapenzi wa jinsia moja na kuwataka wananchi wapeleke majina ya watu wanaowashuku. Mwanzoni mwa Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kwamba huo haukuwa msimamo wa serikali, lakini katika siku hizo watu walikuwa wamekwisha kujificha na kuhama vyumba vyao. Kwa hiyo sishauri maandamano wala mkutano wa hadhara, ambao kisheria hutakiwa kutolewa taarifa polisi saa 48 kabla. Ninachoshauri ni kikao cha nyumbani, kwa mwaliko wa mdomo, kama familia yoyote inavyokaa kumkumbuka mtu wake.

Nani anakumbukwa, na kwa jina gani

Hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko zote, na ndipo sisi tulipokosea mwaka wa kwanza.

Gawanya majina katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la watu ambao vifo vyao viko wazi kwa umma, kwa sababu vilifika mahakamani, viliandikwa magazetini, au ndugu zao wenyewe walivizungumza. Hao wasomewe majina yao kamili bila woga. Fungu la pili ni la watu wetu wa karibu, ambao ndugu zao hawakujua, au walijua na wakaamua kunyamaza. Hao usiwasomee majina kamili, hata kama unaona uchungu, na hata kama unaamini kwamba marehemu mwenyewe angependa dunia yote ijue. Siri aliyoitunza akiwa hai bado ni yake, na mama yake bado anateka maji na kusali jumuiya na majirani wale wale. Ukiitoa siri hiyo hutamrudishia mwanawe, ila utamwongezea msiba wa pili asiouomba.

Lakini kunyamaza kabisa nako ni kumzika mara mbili. Njia ya kati ni kumtaja kwa kitu chake. Rafiki yetu niliyemtaja mwanzoni tunamkumbuka kwa kikombe chake cha bati cha rangi ya buluu, ambacho alikuwa akikibeba kila alikokwenda kwa sababu alisema chai ya kikombe cha udongo hupoa upesi. Kikombe hicho huwekwa mezani, na kila aliyepo anajua ni cha nani. Kwa mwingine tunatumia jina la utani alilopewa na wachezaji wenzake wa mpira. Chagua kitu ambacho wanaomjua watamwona ndani yake, na asiyemjua hatapata cha kupeleka nje.

Ikiwa yuko ndugu mmoja anayejua na anayekubali, mara nyingi ni dada, mwombeni ruhusa mapema, na mwambieni wazi mtakachosema na watakaokuwepo. Akikataa, msimshawishi. Mwaka mmoja dada wa marehemu alitukatalia kabisa, tukamheshimu. Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe akiwa amebeba picha ya kaka yake akiwa darasa la pili.

Ipo pia hatari ya kusema tusilolijua. Si kila mpenzi wa jinsia moja aliyeuawa aliuawa kwa sababu hiyo, na uchungu hutufanya tutoe hukumu kabla ya ushahidi. Mwili wa Edwin Chiloba, mbunifu wa mavazi wa Kenya, ulipopatikana ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara katika kaunti ya Uasin Gishu mwanzoni mwa Januari 2023, wengi walitangaza papo hapo kwamba aliuawa na wenye chuki. Mahakamani aliyetiwa hatiani alikuwa mtu aliyeishi naye, akahukumiwa kifungo cha miaka 50 mwezi Desemba 2024. Hilo halipunguzi stahili yake ya kukumbukwa, wala halifuti woga na kejeli alizoishi nazo. Linatufundisha kuandika sentensi mbili zilizotengana: "aliuawa", halafu "sababu imethibitishwa kuwa hii" au "sababu haijathibitishwa". Wasifu wa pili ukiwa na uongo hata mmoja, siku ya haki utakataliwa wote.

Siku, nyumba na simu

Siku iliyo bora ni ile aliyofariki mtu wenu wa karibu, au Jumapili inayoifuata. Wanaotaka siku inayokumbukwa na wengine duniani huchagua tarehe 17 Mei, kwa kuwa tarehe hiyo mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani liliamua kuondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa. Na tarehe 20 Novemba ni siku ya kuwakumbuka wale waliouawa kwa sababu waliishi kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Kwetu Mei ni masika, njia za vijijini huteleza na wageni hukwama, basi pangeni mapema.

Nyumba iwe ya mtu anayeishi humo siku zote, na ambaye kwa kawaida hupokea wageni, ili viatu kumi mlangoni visiwe habari mtaani. Chumba cha kupanga chenye ukuta mmoja na jirani hakifai. Saa kumi jioni ni wakati mzuri, kwa sababu watu watakuwa wamefika kwao kabla giza halijaingia sana. Kuwe na chai ya maziwa na maandazi, au mtori kama mwenye nyumba ana uwezo. Msiba usio na chakula huleta maswali, na mtu aliyelia anahitaji kitu cha moto. Pombe isiwepo, hata mbege. Nimeona ulimi uliolegezwa na kinywaji ukitaja kwenye daladala jina lililotunzwa miaka minne.

Simu zizimwe na ziwekwe kwenye beseni chumba kingine. Sisemi hili kwa tahadhari ya jumla tu. Mwaka wetu wa kwanza mmoja wetu alipiga picha ya mishumaa na kuiweka kwenye hali yake ya WhatsApp, akidhani ni picha ya mishumaa tu. Katika kioo cha kabati nyuma ya mishumaa zilionekana sura tatu. Baada ya wiki mbili mmoja wa wale watatu alitolewa chumbani na mwenye nyumba wake, kodi ya miezi miwili ikiwa imelipwa, naye hakuweza kwenda kulalamika popote. Aliyepiga picha bado ni rafiki yetu, na bado analia akilikumbuka. Mwaliko nao usiandikwe kwenye kundi la simu. Nenda kwa mguu, au mpigie mtu na umwambie, "Tuna kikao cha kumbukumbu ya ndugu yetu Jumapili," naye atakuelewa.

Kuandika wasifu wa pili

Kila anayekumbukwa apewe karatasi moja na msomaji mmoja. Msomaji aianze kazi walau wiki mbili kabla, kwa mwandiko wake mwenyewe. Wasifu uanze na maisha. Naomba hili lizingatiwe sana, kwa sababu tumezoea kuwafahamu watu hawa kwa namna walivyokufa tu, na muuaji hapaswi kupewa sentensi ya kwanza. Eleza alipenda nini, alifanya kazi gani, alichekesha vipi, alimsaidia nani. Kisha eleza kifo kwa sentensi moja au mbili, ukitaja tarehe, mahali na tendo, bila kuchora majeraha. Kisha eleza sheria ilifanya nini. Maliza na kilichobaki.

Nitoe mfano wa Eudy Simelane wa Afrika Kusini, ambaye sisi humsoma kila mwaka. Alikuwa kiungo wa timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa miguu, Banyana Banyana, na alikuwa akijifunza urefa. Hakuificha hali yake ya kupenda wanawake katika mtaa wake wa KwaThema. Tarehe 28 Aprili 2008, akiwa na umri wa miaka 31, alipatikana ameuawa karibu na kijito baada ya kubakwa na kuchomwa visu. Mwaka 2009 mmoja wa washtakiwa alikiri akahukumiwa miaka 32, na mwingine akapewa kifungo cha maisha. Leo katika mtaa ule lipo daraja dogo lenye jina lake. Karatasi yenye maneno kama hayo husomwa kwa dakika mbili, na hakuna anayeisikia akabaki kumwona kama jina kwenye orodha.

David Kato wa Uganda anastahili muda mrefu zaidi, kwa sababu kisa chake kinatuhusu sana sisi tunaoishi jirani. Alikuwa mwalimu. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu liliowaita mashoga, likataka wanyongwe, na picha yake ilikuwa ukurasa wa mbele. Yeye na wenzake wawili walikwenda Mahakama Kuu wakashinda tarehe 3 Januari 2011. Tarehe 26 ya mwezi huo huo alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono akafa. Aliyemuua alihukumiwa miaka 30 mwezi Novemba mwaka huo; polisi walisema ni ugomvi wa watu binafsi, na marafiki zake hawakuacha kuuliza ni kwa kiasi gani ukurasa ule wa gazeti ulimfungulia muuaji mlango. Katika maziko yake mchungaji aliyeongoza ibada alianza kuwalaani wapenzi wa jinsia moja mbele ya jeneza, mpaka marafiki wakamnyang'anya kipaza sauti, na Christopher Senyonjo, askofu aliyekuwa ametengwa na kanisa lake kwa kuwatetea watu hawa, ndiye aliyemfikisha kaburini kwa sala. Msomaji wetu mmoja, mzee wa kanisa, hawezi kuisoma sehemu hiyo bila kusimama kidogo, na tumejifunza kumsubiri.

Wa mbali nao wana nafasi, mradi wasiwafunike wa karibu. Wazazi wa Matthew Shepard, kijana wa Marekani aliyepigwa akafungwa kwenye uzio nje ya mji wa Laramie na kufariki tarehe 12 Oktoba 1998, walikaa na majivu yake miaka 20 kwa kuhofia kwamba kaburi lake lingechafuliwa, hadi yalipowekwa katika Kanisa Kuu la Washington tarehe 26 Oktoba 2018. Ninapousoma wasifu huo nawafikiria wazazi wa huku ambao kaburi la mtoto wao liko kihambani, yaani katika shamba la migomba la nyumbani, hatua chache kutoka jikoni, na bado hawathubutu kusema alikufaje.

Kuhusu maneno: andika "mpenzi wa jinsia moja", au "mwanamume aliyependa wanaume", au "mwanamke aliyependa wanawake". Neno "kuchu" linatumiwa na wengi wetu Afrika Mashariki wenyewe kwa wenyewe, na linafaa ikiwa marehemu alilitumia. Maneno ya matusi yasirudiwe hata katika kueleza waliyoyasema wauaji. Inatosha kuandika kwamba walimtukana. Na asiitwe "mhanga" kutoka mwanzo hadi mwisho wa karatasi. Aitwe kwa jina lake, au "ndugu yetu".

Jioni yenyewe

Mwenye nyumba huwakaribisha, na mmoja aliyechaguliwa husema kwa nini mmekusanyika, kwa sentensi chache. Kisha dua. Katika miji yetu kundi la watu kumi lina Waislamu, Walutheri, Wakatoliki na wasiosali, na sisi humwachia kila mmoja nafasi: anayesoma Fatiha anasoma, anayesali Baba Yetu anasali, wengine wanakaa kimya. Msijaribu kuunda sala moja itakayowaridhisha wote, haitamridhisha yeyote.

Wasifu husomwa mmoja mmoja, na baada ya kila mmoja huwashwa mshumaa, kisha kimya cha kuvuta pumzi tano. Wasizidi saba kwa jioni moja. Tulijaribu kusoma kumi na wanne, na walipofika kumi watu walikuwa wameacha kusikia.

Baada ya wasifu huja jani la isale. Amsterdam wana mnara wa jiwe la waridi kando ya mfereji tangu mwaka 1987, ambako watu huweka maua kwa ajili ya wapenzi wa jinsia moja walioteswa, wakiwemo waliovishwa pembetatu ya waridi, alama ya kuwatambulisha, katika kambi za Wanazi. Sisi hatuna mnara, lakini tuna mmea ambao Wachaga waliupanda kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi tangu kale, na ambao jani lake huombewa msamaha. Mtu aliyekosewa akipelekewa isale si rahisi kulikataa. Mara ya kwanza nilipopendekeza jambo hili, mwenzetu mmoja alikasirika akauliza kama tunamwombea marehemu msamaha kwa namna alivyoumbwa. Ni swali zuri, na lijibiwe wazi kabla ya kulileta jani. Tunaoomba msamaha ni sisi. Tulikaa nyuma chini ya migomba tukasikia "baada ya kuugua kwa muda mfupi" na hatukusema neno. Wengine walipigiwa simu usiku ule wakaogopa kwenda hospitali wasije wakahojiwa. Kila mmoja hulishika jani, husema kwa sauti au moyoni anachoomba kusamehewa, kisha hulipitisha, na mwisho hulala kando ya kikombe cha buluu. Wasio Wachaga wanalishika pia. Hakuna aliyewahi kukataa.

Baada ya hapo ni chai na mazungumzo, na kicheko kiruhusiwe, maana marehemu wengi walikuwa wachekeshaji. Mmoja wenu awe na kazi ya kuwaangalia wengine tu. Akimwona aliyezama, atoke naye nje, na akisikia maneno ya kukata tamaa ya kuishi asimwache alale peke yake usiku huo.

Daftari la haki

Kuwalilia bila kutaka haki ni nusu ya kazi. Ninasema haki, wala sisemi kisasi. Ukisikia mtu akipanga kumtafuta aliyepiga, mzuie, kwa sababu atauharibu ushahidi na atakwenda jela badala ya muuaji. Kinachotakiwa ni daftari.

Wakazi wa Arusha wenye umri wangu wanakumbuka jinsi Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilivyokaa katika jengo la AICC, na jinsi tarehe 2 Septemba 1998 ilivyotoa hukumu yake ya kwanza, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hukumu ile ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya mashahidi wa kawaida walioweza kusema ni siku gani, mahali gani, nani alisimama wapi na alisema nini. Wakulima na wajane walikuja Arusha na kumbukumbu zao tu, na mahakama ikazipima na kuzitumia. Sitaki kulinganisha vifo na vifo. Ninachochukua hapo ni kwamba kumbukumbu yenye tarehe na mahali ina nguvu ambayo kilio peke yake hakina.

Kwa hiyo, kwa kila mtu wenu wa karibu, andikeni mambo haya yakiwa bado mabichi: siku na saa ya shambulio, mahali hasa, walichosikia na kuona waliokuwepo, kila mmoja kwa maneno yake, tarehe na sahihi yake, bila kukaa pamoja kulinganisha. Andikeni kituo cha polisi kilichopokea taarifa na namba ya RB, yaani namba ya taarifa katika kitabu cha kituo. Ikiwa alitibiwa kabla ya kufa, andikeni kama PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ilitolewa na ilipelekwa wapi. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zikaushwe kivulini na kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi, maana ndani ya nailoni huoza, na zikabidhiwe polisi au wakili kwa maandishi. Ujumbe wa vitisho kwenye simu yake usifutwe. Upigwe picha ukionyesha namba na tarehe. Mashahidi wasioridhia kuandika waachwe kwa amani. Majina ya walio hai yaandikwe kwa herufi mnazozijua wenyewe, na maana ya herufi hizo itunzwe nyumba nyingine. Nakala ziwe mbili, katika nyumba mbili.

Mkiwa na daftari la namna hiyo, nendeni kwa mtoa msaada wa kisheria, ambao unatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na muulizeni kuhusu kifo peke yake: mtu ameuawa, jalada limefikia wapi. Hamlazimiki kueleza maisha yake ya ndani kwa kila dawati. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko. Kosa la mauaji halifutwi na kupita kwa miaka, na hili huwaambia wale wanaodhani kwamba tumechelewa.

Wengine huuliza kuhusu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, kilomita 80 hivi kutoka hapa Moshi. Ukweli ni kwamba Tanzania iliondoa mwezi Novemba 2019 tamko lililoruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja, na mlango huo ulifungwa kwa mashauri mapya kuanzia Novemba 2020. Njia iliyobaki inazunguka kupitia Banjul, Gambia, makao ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo bado hupokea malalamiko ya watu binafsi na inaweza kuyapeleka mahakamani. Tume hiyo hiyo, katika kikao chake cha Luanda mwaka 2014, ilipitisha Azimio namba 275 linalolaani ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya hali yao ya kimapenzi au ya kijinsia, ya kweli au ya kudhaniwa, na kuzitaka nchi zichunguze na kuwaadhibu wahusika. Lakini kabla ya kufika huko ni lazima uonyeshe kwamba uligonga milango ya nyumbani kwanza, na namba ya RB na tarehe ulizokwenda kuuliza ndizo zinazoonyesha hivyo.

Jioni ikiisha, watu waondoke wawili wawili, kwa dakika chache kati yao, na mwenye nyumba abaki na mishumaa iliyozimwa na vyombo. Karatasi zote zirudi mikononi mwa mtunza daftari kabla wa kwanza hajavaa viatu. Mwishoni mwa wasifu wa kila mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa, acheni ukurasa mmoja mtupu wenye neno moja juu: Hukumu. Ukurasa wa rafiki yetu wa kikombe cha buluu bado hauna hukumu. Chini ya neno lile tumeandika, kwa kalamu tofauti za miaka tofauti, tarehe ya kila siku tuliyokwenda kuuliza na jibu tulilopewa, na mstari wa mwaka huu unasema: "Jalada linatafutwa, rudini mwezi ujao."